Safari ya Pwani ya Kusini: Bushi ya Chuma na Bushi ya Plastiki

Ndugu msomaji, ukitaka kufika huko nitakakokuongoza leo, huna budi kwanza kuvuka maji. Ukiwa Mombasa mjini fuata umati wa watu waendao Likoni, ingia feri pamoja na mikokoteni, pikipiki, akina mama wenye vikapu na watoto wa shule, kisha ng'ambo ya pili tafuta gari la kwenda Ukunda au Lunga Lunga. Barabara ni moja tu, nayo yashika kusini ikifuatana na bahari hata mpaka wa Tanzania. Kushoto kwako ni minazi, na nyuma ya minazi ni bahari ambayo huioni, ila wasikia harufu yake. Kulia ni mikorosho na miembe, na mbali zaidi vilima vya Shimba vyenye msitu na ndovu. Hii ndiyo nchi ya Wadigo, katika Kaunti ya Kwale. Ni watu wapole wa maneno, lakini jihadhari, maana wakikutania hutajua kuwa umetaniwa mpaka umekwisha fika kwako.

Mimi ni fundi wa baiskeli na cherehani. Nakuambia mapema ili usinihesabu kuwa mtaalamu mkubwa, tena ili ujue kuwa kosa nitakalokusimulia lilifanywa na mtu aliyeshika spana tangu ujana wake. Dada yangu ameolewa huko Kwale, katika kijiji kilichoko kati ya Msambweni na Ramisi, upande wa bara, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka barabarani. Jina la kijiji siliandiki. Nilikwenda kumsalimu mara ya kwanza Agosti 2021, na mara ya pili Februari 2023. Kati ya safari hizo mbili ndipo jambo lenyewe lilipotokea.

Kijiji kile kina kisima kimoja kizuri, kimefunikwa kwa saruji, na juu yake imesimama pampu ya mkono. Pampu hiyo yaitwa Afridev. Huenda hata kwenu iko, maana imeenea Kenya, Malawi, Msumbiji, Ethiopia na nchi nyingine nyingi. Lakini watu wa Kwale wana haki ya kuiita yao. Mwaka 1983 ulianza katika pwani hii mradi mkubwa wa visima, nchi ya Sweden ikitoa msaada, na shirika la Kenya liitwalo KWAHO likikaa na watu vijijini kuwafundisha. Wakati huo huo Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia walikuwa wakipima pampu za mkono za kila namna katika nchi mbalimbali, na Kwale palikuwa mahali pamojawapo pa majaribio. Umbo la Afridev lilitokana na kazi iliyoanzia Malawi, kisha likarekebishwa na kukomazwa hapa.

Swali lililowasumbua wale wataalamu halikuwa pampu ipi yenye nguvu. Pampu zenye nguvu zilikuwako. Ile iliyotoka India, iitwayo India Mark II, ilikuwa imara kabisa, na hata leo yatumika mahali pengi sana duniani. Lakini mpini wake hubembea juu ya beringi za gololi, jamii ya zile uzijuazo katika gurudumu la baiskeli, nazo zimeshindiliwa ndani kwa nguvu hata huwezi kuzitoa kwa mikono mitupu. Mabomba yake ya chuma ni mazito. Ikiharibika, lazima wangojwe mafundi waje na gari na vyombo vyao. Na gari likikosa mafuta, kijiji chakosa maji. Basi wataalamu wakajiuliza: je, yaweza kuundwa pampu ambayo akina mama wachotao maji waweza kuifungua wenyewe asubuhi, wakairudisha kabla ya jua la utosi?

Jibu lao, kwa sehemu kubwa, lilikuwa kitu kidogo ambacho waweza kukificha katika kiganja.

Tazama mpini wa pampu. Mahali unapobembea pana pini ya chuma iliyopita katikati. Na mbele yake pana pini nyingine, iliyobeba fimbo zishukazo kisimani. Katika kila mahali penye pini waliweka bushi mbili za plastiki, moja ndani ya nyingine. Ile ya nje hukaa imara katika nyumba yake ya chuma, haisogei. Ile ya ndani huishika pini, nayo haisogei juu yake. Kinachosuguana ni plastiki kwa plastiki, na chuma hakigusani na chuma hata kidogo. Tena plastiki hizo si za namna moja. Moja ni asetali, nyingine ni nailoni, kwa kuwa plastiki mbili za jamii moja zikisuguana hulana upesi, lakini hizi za jamii mbili huteleza vizuri pasipo mafuta wala gurisi. Zaingizwa kwa mkono, zatolewa kwa mkono, na spana moja yatosha kufungua kichwa cha pampu.

Hayo yote nayajua leo. Agosti 2021 sikuyajua, wala sikuuliza.

Siku ile nilimkuta kisimani bibi mmoja wa umri uliopita miaka sabini, aliyekuwa miongoni mwa akina mama waliofundishwa kutunza pampu wakati wa mradi. Kijiji kizima humwita Bibi tu, nami nitamwita hivyo. Alikuwa amefungua kichwa cha pampu, ameshika bushi iliyolika upande mmoja ikawa nyembamba kama ukucha. Mpini ulikuwa ukicheza huku na huku. Kamati ya kisima ilikuwa imekaa chini ya mwembe ikishauriana, maana fedha katika sanduku zilikuwa kidogo, na wengine walikuwa wamechoka kununua vijipande vya plastiki kila mwaka unapogeuka.

Nikasema, "Shikamoo Bibi." Akaitikia, "Marahaba mwanangu." Nikaomba kile kijipande, nikakikwaruza kwa ncha ya kisu, kikaacha unga mweupe. Nikacheka.

"Bibi, pampu ya watu wote hawa mwaiwekea kitu cha kuchezea watoto?"

"Ndivyo tulivyofundishwa," akasema. "Hiki ndicho kinacholiwa, mwanangu. Chuma chabaki."

"Lakini mkiweka bushi ya chuma, hakitaliwa kitu cho chote. Chuma ni chuma."

Bibi akanitazama, kisha akaendelea kupangusa pini kwa kitambaa. Kamati, hata hivyo, ilinisikia. Mwanamume aliyetoka mjini, mwenye mikono ya mafuta, husikilizwa upesi kuliko bibi kizee. Ndivyo tulivyo, nami nilifurahi kusikilizwa. Kesho yake nikaenda Ukunda kwa fundi mwenye mashine ya kukereza vyuma, akanikerezea bushi nene za chuma, safi, za kung'aa. Nusu ya bei nililipa kwa fedha yangu mwenyewe. Nikazifunga, nikapaka gurisi, na mpini ukatulia kama siku ya kwanza. Nilipikiwa wali wa nazi na kuku, nikasindikizwa mpaka barabarani.

Ngoja nikupe hesabu ambayo ningalipaswa kuifanya kabla ya kufungua mdomo. Silinda ya pampu ile ina upana wa milimita 50, na mpini ukibembea sawasawa pistoni hupanda milimita 225. Hapo kila bembeo hutoa kama lita 0.44 za maji. Dumu la lita 20 lataka mabembeo 45. Pampu ya namna hii imekusudiwa kuhudumia watu kama 300. Ikiwa kila mtu atapata dumu moja tu kwa siku, mpini utabembea mara 13,500, na kwa mwaka mzima ni karibu mara 5,000,000. Sasa pima mzigo. Kisima cha mita 20 ukiinua maji yake tu, pasipo kuhesabu fimbo, unainua kilo 39 hivi. Pini ya katikati hubeba uzito huo, na juu yake hubeba nguvu ya mikono inayougandamiza mpini. Mara milioni tano kwa mwaka, msomaji! Katika miaka ya 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga ndani ya mipini ya pampu za Kwale vyombo vidogo vya kufuatia mabembeo na kupeleka habari kwa njia ya simu. Kama ningaliona hesabu zile, nisingaliita bushi kitu cha kuchezea.

Mwezi wa Februari 2023 dada yangu alinipelekea ujumbe wa maneno machache: "Pampu imekufa wiki ya tatu. Njoo uone chuma chako."

Ulikuwa wakati mbaya. Katika sehemu nyingi za Kenya mvua zilikuwa zimekosa misimu mitano mfululizo, tangu vuli ya 2020. Upepo wa kaskazi ulivuma mkavu, na majani ya mihogo yalikuwa yamejikunja. Nilipofika kijijini nilikuta akina mama wakiondoka saa kumi usiku kwenda pampu ya kijiji cha pili, ambako walipanga foleni nyuma ya wenyeji, kama ilivyo haki. Wasioweza mwendo ule walichota katika dimbwi walilonyweshea ng'ombe. Mpwa wangu, msichana wa miaka kumi na mmoja, alikuwa akifika shule saa nne za asubuhi, na siku nyingine hafiki kabisa. Mdogo wake alikuwa ameharisha siku nne, amelala mkekani hataki hata uji.

Hakuna aliyenilaumu. Mwenyekiti wa kamati akasema, "Pole na safari." Bibi naye akasema, "Pole na safari, mwanangu," kisha akaongeza taratibu, "chuma ni chuma," na akina mama wakageuza nyuso ili nisiwaone wakicheka.

Tukafungua kichwa cha pampu. Gurisi niliyoipaka mwaka juzi ilikuwa imekwisha kitambo. Kilichobaki kilichanganyika na vumbi na mchanga kikawa kama msasa. Hapa pana jambo ambalo fundi wa baiskeli yampasa alikumbuke. Gurudumu huzunguka mzunguko mzima, na gurisi huzunguka nalo. Mpini wa pampu hauzunguki. Hubembea kidogo, huenda na kurudi mahali pale pale. Gurisi husukumwa pembeni, wala haina cha kuirudisha. Kisha maji hurukia juu, na kutu huingia. Chuma kikavu kikisuguana na chuma, vijinundu vya huku hushikana na vijinundu vya huko, vinang'oana, na chembe zinazong'oka hugeuka kuwa jino la kukwangua kilichobaki. Bushi yangu haikulika sana, maana fundi aliichagua ya chuma kigumu. Iliyolika ni pini, ikafanya kiuno kama nyigu. Nayo nyumba ya bushi katika mpini ilikuwa imepanuka: tundu lililokuwa duara lilikuwa na umbo la yai.

Sikiliza tena. Kilichokuwa kikilika zamani ni kijipande cha kununuliwa dukani. Mimi nilikiondoa, na kwa kuwa lazima kitu kilike, kikalika kile kisichouzwa dukani.

Tena haikuishia juu. Mpini ulipolegea, fimbo zilivutwa upande, zikaanza kusugua bomba lishukalo kisimani. Bomba hilo ni la plastiki, na sababu ni nzuri: maji ya ardhini mahali pengi yana chumvi au ukali unaokula mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki, hata maji yakatoka mekundu yenye ladha ya kutu na nguo zikaingia madoa. Plastiki haili kutu. Lakini fimbo ya chuma ikiisugua siku nyingi huitoboa, ndiyo maana waundaji walivisha fimbo vipande vya mpira vya kuziweka katikati. Vipande viwili vilikuwa vimekwisha kabisa. Bibi alipitisha kidole ndani ya mdomo wa bomba, akasikia mikwaruzo. Halikuwa limetoboka. Nilishusha pumzi.

Asubuhi yake tukafunga mpini juu ya pikipiki, mimi nyuma nimeukumbatia kama mgonjwa, tukaenda Ukunda. Njiani nikaona kuwa kipimo cha mwendo cha pikipiki kimelala kwenye sifuri. Kijana dereva akaniambia kuwa kijigurudumu cha meno ndani ya gurudumu la mbele kimelika. Kilikuwa cha plastiki? Naam, cha plastiki. Mwaka mmoja mapema ningalimwambia kuwa hiyo ndiyo shida ya plastiki. Sasa nikamwuliza kama mchanga uliingia, na kama kilitiwa gurisi tangu gurudumu lilipofunguliwa. Akacheka. Kazi ya kijigurudumu kile ni nyepesi mno, kugeuza waya tu, na plastiki yaimudu bila kelele. Lakini mchanga humeza kila kitu.

Fundi wa kulehemu alikuwa jirani na mashine ya kusaga unga, na umeme ulikuwa umekatika, basi tukakaa barazani kungoja. Mwenye mashine alikuwa mzee mchangamfu. Aliposikia habari yangu alisimama, akaleta kutoka ndani kitu cheusi kilichopindika kama mshumaa uliosahauliwa juani.

"Hii ni dawa ya ugonjwa wako," akasema. "Wewe uliweka chuma mahali pa plastiki. Mimi niliweka plastiki mahali pa chuma."

Beringi ya mashine yake ilikufa siku ya soko, na ya kununua haikupatikana karibu. Kijana mmoja akamkerezea bushi ya nailoni kutoka katika kipande kinene, akasema hiyo haitaki hata gurisi. Waliwasha mashine saa mbili. Kabla ya saa tatu kulikuwa na harufu, unga ukatoka na moshi, na shafti ikaanza kupiga kelele ya kutisha. Wakaizima upesi. Alikuwa na bahati, maana nyundo za ndani zingaliweza kupasua sanduku lake.

Hapo, msomaji, ndipo nilipoelewa jambo ambalo nilikuwa nikilizunguka tangu siku ya kwanza. Mpini wa pampu hubembea mara arobaini hivi kwa dakika. Shafti ya mashine ya kusaga huzunguka kama mara 3,000 kwa dakika. Msuguano huzaa joto, na chuma huchukua joto hilo na kulisambaza mwili mzima mpaka litoke hewani. Plastiki haijui kulisambaza, joto hukaa pale pale lilipozaliwa. Asetali huyeyuka kwenye nyuzi 170 hivi za sentigredi, na nailoni iliyo ngumu zaidi kwenye nyuzi 260 hivi, lakini zote mbili hulegea mapema sana kabla ya kufika huko. Mahali penye mwendo mkali na mzigo wa saa nyingi, gololi za chuma ngumu zilizofungwa vizuri na kutiwa gurisi ndizo zenye kazi. Mahali penye mwendo wa polepole, penye maji na kutu, ambapo hakuna mtu wa kutia mafuta kila wiki, plastiki ina haki yake. Nailoni nayo ina tabia ya kunywa maji na kuvimba kidogo, basi aikerezaye kwa kuibana sana bila kuijua tabia hiyo hushangaa kuikuta imeikaba shafti. Asetali hunywa kidogo mno.

Nilimwuliza mzee kama hakuna namna ya kati, kwa maana katika cherehani na katika feni ziko bushi za shaba nyeusi ambazo hudumu miaka. Akasema ziko, na ni nzuri, mradi zipate mafuta. Nyingine hutengenezwa zikiwa na vijitundu vilivyonyweshwa mafuta kiwandani. Lakini kijijini shaba ina adui mwingine asiye msuguano. Pistoni za Afridev zimepata kuundwa kwa shaba, na nyingine huundwa kwa plastiki. Ile ya shaba ni nzito na nzuri, na mnunuzi wa vyuma chakavu huijua bei yake. Plastiki haiibiwi. Kwa mwenye kiwanda hilo ni jambo dogo, lakini kwa kamati ya kisima si dogo.

Umeme ulirudi jioni ya siku ya pili. Fundi akajaza chuma katika nyumba ya bushi, akaikereza upya mpaka ikawa duara, akatafuta pini mpya. Kazi hiyo peke yake ilitugharimu fedha ambayo ingalinunua bushi za miaka mingi.

Kisha nikaenda kununua bushi zenyewe. Bibi alikuwa amenipa jozi ya zamani aliyoihifadhi katika mkebe, niende nayo kulinganisha, nami niliona huo ni uzee tu. Kumbe alijua. Michoro ya Afridev haina mwenyewe. Ilitolewa kwa watu wote ili mwenye kiwanda po pote aweze kuiunda na bei isipande. Ni jambo jema, lakini mlango uliofunguliwa kwa wote huingiwa na wote. Katika duka la kwanza nilionyeshwa bushi za bei ya chini kabisa. Ya nje na ya ndani zilikuwa za plastiki moja, kingo zake zina mabaki ya kalibu, na moja ilikuwa na kitundu cha hewa ndani yake kama mkate. Nilipoziingiza katika jozi ya Bibi zilicheza. Duka la pili walikuwa nazo nzuri: plastiki mbili tofauti, laini kote, zaingia kwa kusukumwa na kidole gumba na kutulia. Jozi moja haikufika bei ya jogoo. Nikanunua za pini zote mbili na akiba yake, na vipande vya mpira vya fimbo. Muuzaji akanionya nisizianike juani, kwa kuwa jua huzikausha na kuzipasua, wala nisizipake gurisi, kwa kuwa gurisi hukusanya mchanga na mchanga huzama katika plastiki na kuikwaruza.

Tulirudi kijijini siku ya nne, saa nane za mchana. Bibi hakuniruhusu nishike spana. Alikaa juu ya saruji, akawaita mabinti wawili wa kamati, akawaonyesha kila kitu kwa jina lake, akawafanya waingize bushi na kuzitoa mara mbili kabla ya kuziacha zikae. Pini akaipangusa kwa kitambaa kile kile cha 2021, au mwenzake. Fimbo zilivishwa mipira mipya, mpini ukafungwa, kifuniko kikarudishwa. Saa kumi na nusu Bibi akampa mpwa wangu mpini.

Mwanzoni ulitoka upepo tu na sauti ya kukoroma. Halafu maji yenye uchafu kidogo, halafu maji. Mpwa wangu alihesabu kwa sauti, na dumu lilijaa kwenye hamsini na nane.

"Hesabu yangu yasema arobaini na tano," nikamwambia.

"Hesabu yako haina mikono ya mtoto," akasema Bibi, akasogeza dumu la pili.

Foleni ilikuwa ndefu mpaka usiku. Dada yangu alichemsha maji ya kwanza kwa ajili ya mgonjwa wake, na asubuhi mtoto aliomba uji, akamaliza kikombe. Mpwa wangu alikuwa ameshaondoka, amevaa sare, saa moja kasorobo.

Kabla sijaondoka, kamati iliamua tena jambo moja chini ya mwembe: kila mwaka, mwezi wa Januari, bushi zitafunguliwa na kutazamwa, ziwe zimelegea au la, na iliyolika itabadiliwa siku hiyo hiyo. Kazi hiyo walipewa wale mabinti wawili. Mwenyekiti akaniuliza kama nina shauri jingine. Nikasema sina.

Bibi alinisindikiza hadi mwisho wa mihogo. Akafungua pindo la kanga, akatoa zile bushi zangu za chuma, bado zaking'aa upande mmoja, akaniwekea mkononi. "Chukua mali yako," akasema. Nzito kweli. Moja naitumia sasa kuzuia mlango wa karakana usipigwe na upepo, na nyingine imekaa juu ya meza karibu na mkebe wa gololi. Wateja wangu huniuliza ni ya mashine gani.